Kuchagua meli ya kitalii kwa maadhimisho ya ndoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tuanze kulinganisha kitu gani: kampuni, meli au njia?

Anzeni na pasipoti zenu. Wenzi wengi huvutiwa na picha ya meli, hulipa arubuni, kisha ndipo hugundua kwamba njia hiyo inadai visa tatu. Nchi mnazoweza kuingia bila usumbufu ndizo zitakazowaonyesha njia zinazowafaa, njia itawaonyesha meli, na jina la kampuni lije mwisho.

Kampuni inakuja mwisho kwa sababu meli mbili za kampuni moja hutofautiana sana. Royal Caribbean ina Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024 na inayoweza kuchukua watu hadi 7,600. Kampuni hiyohiyo ina Grandeur of the Seas ya mwaka 1996, inayobeba takriban 2,000. Mtu akiwaambia "Royal ni nzuri", muulizeni ni meli ipi na ilikuwa mwezi gani.

Kampuni zenyewe zina tabia gani?

Majina ni mengi, wenye mali ni wachache. Carnival Corporation inamiliki Carnival, Princess, Holland America, Cunard, Seabourn, Costa na nyinginezo. Royal Caribbean Group ina Royal Caribbean, Celebrity na Silversea. Norwegian Cruise Line Holdings ina Norwegian, Oceania na Regent. MSC inamilikiwa na familia na inajitegemea, pamoja na chapa yake ya kifahari, Explora Journeys. Kuwa chini ya mmiliki mmoja hakuna maana ya huduma kuwa sawa: Carnival na Seabourn zina mwenye mali mmoja, lakini moja ni ya familia zenye bajeti ndogo na nyingine ni ya watu wanaolipa maelfu ya dola kwa wiki.

Kwa wenzi wawili, hivi ndivyo tunavyoziona. Carnival ni ya bei nafuu, yenye muziki na kelele za furaha kuanzia asubuhi. Royal Caribbean ni ya michezo na maonyesho makubwa, na mtalipia mambo mengi juu ya nauli. Norwegian haiwafungi kwa saa ya chakula wala meza maalumu. MSC huwa na bei ya chini Ulaya na abiria wa mataifa mengi, hivyo matangazo hurudiwa kwa lugha kadhaa. Celebrity na Princess zimekaa katikati: utulivu zaidi, chakula bora kidogo, watoto wachache nje ya likizo za shule. Holland America huvuta watu wenye umri mkubwa zaidi, na ni mzoefu wa Alaska. Cunard ni ya wanaopenda kuvaa rasmi na kucheza dansi ya ukumbini. Queen Mary 2 yake huvuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, kwa kawaida usiku 7, bila kituo chochote katikati. Kwa wawili wanaotaka kukaa pamoja bila kukimbizana na ziara, safari hiyo ni zawadi, ingawa wenye haraka ya kuona miji wataiona ndefu.

Kuna meli zisizochukua watoto kabisa?

Zipo. Virgin Voyages na Viking huchukua abiria wa miaka 18 na kuendelea tu. Zinafanana kwa hilo, si kwa mengine. Virgin ni ya usiku: muziki, vilabu, hakuna bafe ya kawaida, na mikahawa yote imo ndani ya nauli. Viking ni ya kusoma, mihadhara na kulala mapema. Haina kasino, kabini zote za meli zake za baharini zina roshani, na nauli ina ziara moja katika kila bandari, intaneti, pamoja na bia na mvinyo wakati wa chakula. P&O Cruises ya Uingereza nayo ina meli mbili za watu wazima tu, Arcadia na Aurora.

Kwenye meli za familia zipo sehemu za watu wazima, kama Serenity kwenye Carnival na Solarium kwenye Royal Caribbean. Huwa zinajaa siku za baharini kabla ya saa nne asubuhi.

Tutajuaje kama meli itatusonga?

Kuna hesabu moja rahisi. Chukueni ujazo wa meli katika tani za jumla, mgawanye kwa idadi ya abiria wakihesabiwa wawili kila kabini. Jibu likiwa chini ya 35, tarajieni foleni. Kati ya 40 na 50 ni nafasi ya kawaida yenye staha. Zaidi ya 60 ni ya kifahari.

Icon of the Seas ina tani 248,663 na abiria 5,610 kwa hesabu ya wawili wawili: inakuja takriban 44. Viking Star ina tani kama 47,800 na abiria 930: takriban 51. Queen Mary 2 inakaribia 55. Seven Seas Explorer ya Regent, yenye tani kama 55,000 na abiria wasiozidi 750, inafika zaidi ya 70.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Hesabu ya wawili wawili haihesabu vitanda vya tatu na vya nne, ambavyo hujaa watoto mwezi wa Julai, Agosti na Desemba. Icon ikijaa watu 7,600, ile 44 inashuka hadi chini ya 33. Meli ni ileile, nauli imepanda, na nafasi imepungua kwa robo. Kama tarehe ya ndoa yenu iko Agosti, fikirieni kusafiri wiki ya pili ya Septemba, mradi mjue kwamba Karibea ina msimu wa vimbunga kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Mediterania ndiyo nzuri zaidi mwezi huo.

Mbona nauli ya kampuni moja ni nusu ya nyingine?

Kwa sababu hamlinganishi kitu kimoja. Nauli hutangazwa kwa mtu mmoja, kabini ikiwa na wawili, na mara nyingi haina bakshishi, intaneti, vinywaji wala mikahawa ya kulipia. Andikeni jumla ya watu wawili hadi siku ya kushuka. Huu ni mfano wa kukokotoa, kwa usiku 7 na wenzi wasiokunywa pombe.

Kampuni ya kwanza:
- nauli dola 700 × 2 = 1,400
- kodi na ada za bandari 130 × 2 = 260
- bakshishi 18 × 2 × 7 = 252
- intaneti ya kifaa kimoja 20 × 7 = 140
- mikahawa ya kulipia mara mbili, 50 kila mtu, na asilimia 18 ya huduma = 236
- soda, juisi na kahawa 14 × 2 × 7 = 196

Jumla: dola 2,484.

Kampuni ya pili inatangaza dola 1,050 kila mtu, na hayo yote yamo isipokuwa kodi. 2,100 na 260 ni dola 2,360. Iliyoonekana ghali imekuwa nafuu kwa dola 124.

Bakshishi kwenye kampuni za kawaida huwa kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, zaidi kidogo kwa wenye vyumba vya kifahari. Hukatwa zenyewe kwenye akaunti yenu. Zipeni uzito: ni sehemu ya kipato cha mhudumu wa kabini na wa mezani, si ziada ya hiari kama wengi wanavyodhani. Kampuni hubadili mara kwa mara kilichomo ndani ya nauli, hivyo someni masharti ya nauli yenu yenyewe, si ya rafiki aliyesafiri mwaka juzi.

Kifurushi cha vinywaji kina faida?

Kwa wanywaji, kigezo ni vinywaji sita hivi kwa siku, kila siku, ikiwemo siku mtakayoshinda nchi kavu. Na kuna sharti linalowashtua wengi: Royal Caribbean, Celebrity na Carnival humtaka kila mtu mzima aliye kabini moja anunue akinunua mmoja. Mume anakunywa, mke hanywi, mtalipa mara mbili. Mkiwa katika hali hiyo, acheni kifurushi, lipeni kinywaji kimoja kimoja. Royal na Carnival huruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kwanza, ibebwe mkononi.

Sisi ni Waislamu. Halali inapatikana?

Inapatikana kwa kuomba, na namna ya kuomba ndiyo inayoamua. Mwandikieni dawati la mahitaji maalumu la kampuni angalau siku 60 kabla, mpate jibu la maandishi, kisha siku ya kwanza mwoneni msimamizi wa ukumbi wa chakula mkiwa na jibu hilo. Ulizeni mambo mawili waziwazi: nyama imechinjwa kihalali au wanawapa samaki na mboga tu? Na inapikwa kwa vyombo vyake au kwenye jiko moja na nguruwe? "Tunazo chaguo za halali" si jibu.

Kwa wanaotaka meli isiyo na pombe kabisa, Aroya Cruises ya Saudi Arabia ilianza safari Desemba 2024 kutoka Jeddah. Meli yake ndiyo iliyokuwa World Dream, iliyojengwa 2017. Vyakula vyake ni vya halali, na kuna maeneo ya wanawake pekee.

Visa gani zinahitajika kwa pasipoti ya Afrika Mashariki?

Hili ndilo linaloharibu safari nyingi, hivyo tulipe nafasi.

*Mediterania.* Italia, Uhispania, Ufaransa, Ugiriki, Malta na Kroatia ziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, Kroatia tangu 1 Januari 2023. Meli ikitoka nje ya eneo hilo, kwenda Uturuki, Tunisia au Montenegro, halafu ikarudi, mmetoka Schengen na mnaingia upya. Visa ya kuingia mara moja haitoshi. Ombeni ya mara nyingi, na mwambatishe ratiba ya meli ili afisa aone sababu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima iwe na kinga ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Siku 15 ni za kwenye karatasi. Miadi ya Nairobi au Dar es Salaam ikijaa, miezi mitatu ndiyo salama. Ombi hupelekwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi mtakayoingia kwanza.

*Karibea kutoka Miami au Fort Lauderdale.* Mnahitaji visa ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inakwenda nje na kurudi. Tangu 2025 Marekani imebana masharti kwa pasipoti kadhaa za Afrika, zikiwemo za Burundi, kwa hiyo hakikisheni hali ilivyo kabla ya kulipa chochote. Bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana visiwa kadhaa hukidai kwa msafiri anayetoka nchi yenye ugonjwa huo.

*Alaska kutoka Seattle.* Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani pekee bila kugusa nchi nyingine. Ndiyo maana meli hizo husimama Kanada, mara nyingi Victoria, hata kama ni saa chache za jioni. Visa ya Kanada inaingia hapo, na wengi hugundua wakiwa kwenye dawati la kupandia. Pride of America ya Norwegian ina bendera ya Marekani, hivyo huzunguka Hawaii kutoka Honolulu kwa usiku 7 bila kutoka nchini.

*Ghuba.* Meli ikitoka Dubai kwenda Doha au Muscat na kurudi, visa ya Falme za Kiarabu iwe ya kuingia mara nyingi. Msimu ni majira ya baridi, na ratiba hubadilika kwa sababu za usalama.

*Afrika Kusini.* Kwa Watanzania na Wakenya hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na haizungumzwi vya kutosha. MSC imekuwa ikiweka meli Durban na Cape Town msimu wa kiangazi cha huko, kuanzia Novemba hivi, na safari fupi za kwenda pwani ya Msumbiji. Watanzania huingia Afrika Kusini bila visa kwa ziara fupi, na Wakenya wamepata nafasi hiyo ya hadi siku 90 kwa mwaka tangu Januari 2023.

Pasipoti ziwe na angalau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi. Meli hupita Mombasa na Zanzibar pia, lakini nyingi ziko kwenye safari ndefu za kuzunguka bahari, zilizoanzia kwingine.

Kabini ipi kwa wawili?

Roshani, kama pesa inaruhusu, kwa maana ndiyo sehemu pekee ya nje mtakayokuwa peke yenu. Kabini ya ndani haina dirisha kabisa; ni nzuri kwa kulala, mbaya kwa sherehe.

Kabla ya kuthibitisha namba ya kabini, fungueni ramani ya sitaha na mtazame kilicho juu na chini yake. Chini ya bafe au ya bwawa mtasikia viti vikiburutwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Juu ya ukumbi wa maonyesho mtasikia ngoma hadi usiku. Kabini yenye mlango wa kuunganisha na jirani hupitisha sauti ya kila kitu, na kwenye ramani huonyeshwa kwa alama ndogo kati ya vyumba viwili. "Mwonekano uliozibwa" maana yake ni mashua ya kuokolea mbele ya dirisha lenu. Nauli ya bei ya chini ambayo kampuni yenyewe huwachagulia kabini ndiyo inayowapeleka huko, kwa hiyo kwa safari ya maadhimisho lipeni tofauti mchague wenyewe.

Kwenye meli za Celebrity za daraja la Edge, kabini nyingi zina roshani iliyo ndani ya chumba: kioo kikubwa hushuka kwa kitufe. Eneo la chumba linaongezeka, lakini si sawa na kutoka nje ukakaa kwenye upepo. Na popote mtakapokwenda, andikeni kwenye maombi kwamba vitanda viunganishwe. Vingi ni viwili vidogo vinavyosogezwa pamoja.

Tutapata meza ya watu wawili?

Mkiomba wakati wa kuhifadhi nafasi, ndiyo. Msipoomba mnaweza kuwekwa meza ya watu wanane. Kwenye kampuni zenye saa maalumu za chakula, chagueni zamu ya pili kama hampendi kula jioni mapema. Mikahawa ya kulipia hujaa, hivyo usiku wa tarehe yenu wekeni nafasi kwenye programu ya simu ya kampuni mara tu inapofunguliwa.

Kampuni itatufanyia nini siku yenyewe?

Bure, kwa kawaida: kadi, keki ndogo, na wahudumu kuwaimbia. Lakini hawajui bila kuambiwa. Jazeni tarehe kwenye fomu ya kuhifadhi, mrudie siku ya kwanza kwa mhudumu wa kabini na kwa msimamizi wa ukumbi. Mapambo ya chumbani, maua na chakula cha jioni cha roshani hulipiwa. Princess ina mlo wa namna hiyo wa kozi kadhaa unaoletwa na mhudumu wenu, na huagizwa mapema.

Msibebe mishumaa, hata ya keki. Itachukuliwa kwenye ukaguzi pamoja na pasi, birika la umeme na waya za kuongeza soketi zenye kinga ya umeme, kwa sababu moto ndio hatari kubwa zaidi ndani ya meli.

Nahodha anaweza kutufungisha upya viapo?

Kampuni kadhaa zinafanya, Princess na Celebrity zikiwemo, kwa malipo na kwa kuagiza kabla ya safari. Kurudia viapo hakuna nguvu ya kisheria, ni sherehe tu, hivyo cheti cha ndoa hakibadiliki. Ndoa halisi inategemea bendera ya meli: Cunard ilihamisha usajili wa meli zake kwenda Bermuda mwaka 2011, na mojawapo ya sababu ilikuwa kuwezesha ndoa za baharini.

Ratiba inasema Roma, Paris na Venice. Tutafika kweli?

Someni jina la bandari, si la mji. "Roma" ni Civitavecchia, zaidi ya saa moja kwa treni. "Florence" ni Livorno. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. Italia ilizifungia meli kubwa mfereji wa Giudecca wa Venice tangu 1 Agosti 2021, hivyo leo "Venice" inaweza kuwa Marghera, Ravenna au Trieste. Tazameni pia saa za kukaa. Mkipewa saa saba Civitavecchia, mkitoa usafiri na saa moja na nusu ya usalama, zinabaki kama tatu za Roma.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, mnashushwa kwa mashua ndogo, kisha foleni ya gari la kamba la kupandia mjini au ngazi 588. Meli tatu zikifika siku moja, foleni hiyo inakula asubuhi nzima.

Tukichelewa kurudi melini?

Meli inaondoka. Husubiri ziara zilizouzwa na kampuni yenyewe tu. Mkienda kivyenu, rudini saa moja na nusu kabla ya kuondoka, na mfuate saa ya meli, kwa maana simu hujibadilisha kwa saa za nchi kavu. Kwa sababu hiyohiyo, fikeni mji wa kuanzia siku moja kabla. Ndege ikichelewa kutoka Addis Ababa au Doha, hakuna wa kuwangojea.

Na kulevywa na bahari?

Chukueni kabini ya katikati ya meli, sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Dawa kama meclizine au cinnarizine hunywewa kabla ya mawimbi. Ukishaanza kutapika hazisaidii sana. Daktari wa meli yupo, ila analipwa, na bei zake ni za Marekani. Bima ya kusafirisha mgonjwa si ya kuacha. Mjamzito atakayefikia wiki ya 24 kabla ya safari kwisha hatapandishwa na kampuni nyingi.

Tulipe kwa kadi gani?

Ya mkopo, kama mnayo. Kadi ya benki ya kawaida hushikiliwa kiasi fulani kila siku kama dhamana, na pesa hiyo huchukua siku kadhaa kurudi hata kama hamkuitumia. Mkiwa bandarini mnaweza kukuta akaunti imekauka. Mkiwa na kadi hiyo tu, wekeni dhamana ya fedha taslimu kwenye dawati la wageni siku ya kwanza. Na wekeni simu zote mbili katika hali ya ndege kabla meli haijang'oa nanga: mtandao wa simu wa meli hutoza kama wa setilaiti.

Malipo ya mwisho ni lini, na tukighairi?

Kampuni nyingi za kawaida hutaka salio siku 75 hadi 90 kabla. Za kifahari, mapema zaidi. Kabla ya hapo, nauli yenye arubuni inayorudishwa inawapa muda wa kusubiri visa, hata kama ni ghali kidogo. Kwa mwenye pasipoti inayohitaji visa, ndiyo ya kuchukua. Pangeni hivi: hifadhini nafasi, ombeni visa kwa kutumia ratiba hiyo, na mlipe salio visa zikiwa mkononi. Visa ikikataliwa baada ya malipo ya mwisho, kampuni hukata sehemu inayoongezeka kadiri siku zinavyokaribia, hadi nauli yote, na bima nyingi hazifidii kukataliwa visa isipokuwa sera imetaja hivyo.